Mtaro wa Mtaa wa Mapagazi

Watu wakikuona umevaa koti na umekaa kiti cha mbele, hudhani una nguvu. Mimi Lukumani bin Mfaume, fundi viatu wa Tabora, nilikalia kiti hicho mwaka 1960 nikiwa mwenyekiti wa baraza la mji, na nawaambia sijapata kuwa mnyonge kama mwaka ule. Nilipokuwa nikitia soli viatu vya makarani wa reli, mtu akinikera nilimrudishia kiatu chake na tundu lake lilelile. Mwenyekiti hana raha hiyo. Asubuhi anapigiwa hodi na mwenye mbuzi aliyekamatwa, mchana na mwenye choo kilichobomoka, jioni na majirani wawili wanaogombea mpaka wa uwanja, na wote wakitoka nje wanasema yule naye hafanyi kitu.

Nyumba yangu ilikuwa mtaa wa Mapagazi, pale njia ya zamani ya misafara inapoingia mjini kutoka mashariki. Marehemu baba alipita njia hiyo mara tatu na pembe ya ndovu begani mpaka Bagamoyo, pwani kwa Wazaramo. Kutokana na safari hizo za wazee wetu, Mnyamwezi na Mzaramo wamekuwa watani mpaka leo. Mtani wako atakutukana mbele za watu, atakunyang'anya kofia mpaka uikomboe, na wajibu wako wewe ni kucheka na kulipa. Siku ukifiwa, ndiye anayeingia kwanza ndani na kushika kazi ya maziko. Kumkasirikia ni mwiko, na kumshtaki ni jambo ambalo hata halijatungiwa jina.

Mtaa wetu haukuwa na maji. Wanawake walishuka kisimani bondeni kabla ya adhana ya alfajiri, na wakati wa kiangazi walirudi jua limeshawaka, debe likiwa nusu na nusu yenyewe tope. Mke wangu Batuli alibeba debe hilo miaka ishirini na miwili, hata utosini pakawa na mahali nywele hazioti. Nilitaka bomba. Sikutaka kitu kingine katika uenyekiti wangu wote. Ningelipata hilo ningerudi kwenye viatu vyangu kwa moyo mweupe.

Mwaka huo yalipatikana mabomba ya kutosha mtaa mmoja tu. Mzungu wa idara ya maji, tuliyemwita Bwana Maji, mtu mrefu mwenye magoti mekundu kwa vumbi, aliweka sharti. Wakazi wachimbe mtaro wenyewe kutoka bomba kubwa mpaka kwao, na siku ya kumi na sita, saa sita mchana, yeye atafika na lori. Mapagazi tulipewa nafasi ya kwanza kwa kuwa tulikuwa mbali na maji kuliko wote. Kama hatujamaliza, lori litakwenda mtaa wa Ipuli, na wao pia walikuwa wanachimba.

Niliitisha mkutano. Mmoja akauliza kwa nini tuchimbe wakati uhuru uko mlangoni na serikali yetu itakuja kuchimba. Mwingine akauliza bomba litakaa umbali gani na nyumba yake. Alipoambiwa hatua hamsini, akaketi na hakupiga makofi tena. Wa tatu alitaka kujua nani atawapikia wachimbaji. Nilisema mpaka sauti ikanikauka, na nilirudi nyumbani nikiwa nawachukia wote, mmoja mmoja kwa jina.

Lakini walichimba, tena walichimba vizuri. Kwa siku sita, kwa majembe ishirini ya baraza, wanaume na wanawake, wakamaliza hatua mia mbili na arobaini kati ya mia tatu. Kila jioni nilifika na koti langu, nikasimama ukingoni, nikawasifu. Sikushika jembe. Nilidhani mwenyekiti akionekana na udongo miguuni atadharauliwa, na hapo ndipo nilipojikwaa.

Siku ya saba nilimleta Bwana Maji ajionee. Bi Tatu alikuwa mtaroni. Huyu ni Mzaramo, mke wa fundi wa reli, muuza vitumbua, na tangu nilipokuwa fundi viatu tu aliniita "mtumwa wangu" na kula karanga zangu bila kuomba. Alipotuona alipanda juu na wenzake wawili, wakayakusanya majembe yote, wakayafunga kwa khanga.

"Mtumwa wangu!" akapaza sauti. "Baba yako alibeba pembe mpaka kwetu, wewe jembe tu limekushinda? Au hilo koti limekufunga mikono?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Basi majembe haya nimeyateka. Ulete jogoo mwekundu, wewe mwenyewe, umwachie humu mtaroni, kisha umkimbize tukuone. Ukimkamata, tutachimba mpaka nyumbani kwa huyo Mzungu wako!"

Bwana Maji akaniuliza, "Huyu mama anasema nini?"

Ningeweza kumweleza. Kiswahili chake kilitosha, na pengine angecheka kuliko sisi. Lakini niliona haya. Nilijiona mtoto wa mpagazi mbele ya Mzungu mwenye saa mkononi, nikakaza uso.

"Bibi, hayo ni mali ya serikali. Kuyachukua ni wizi. Yarudishe, au utalala ndani."

Kicheko kikakatika. Bi Tatu akakaza fundo la khanga kwenye majembe.

"Umeniita mwizi, Lukumani?"

"Nimekwambia yarudishe."

Hakuyarudisha; aliyabeba na wenzake wakaenda zao. Jioni nikamtuma Marko, askari wa baraza, kijana wa misheni na Mnyamwezi mwenzangu, aende kuyachukua. Alisimama mlangoni akikunakuna kofia yake.

"Mzee, hili si neno la askari. Ni neno la jogoo."

"Mwenyekiti ni mimi au wewe?"

Akaenda. Majembe yalirudi yote ishirini, yameoshwa. Asubuhi yake hakuna aliyeyagusa. Nilidhani Wazaramo ndio watakaogoma, kumbe Wanyamwezi wenzangu ndio waliokuwa wakali zaidi. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mtu niliyemshonea viatu vya harusi, alinikuta kibarazani akaniuliza, "Ukishamshtaki mtani wako, nani atakuzika?" Hakungoja jibu.

Nikaanza kuhangaika kwa njia nilizojifunza kwenye kile kiti. Nikaitisha mkutano, wakaja watatu, na wawili walikuja kwa ajili ya mbuzi wao. Nikabandika tangazo lenye muhuri. Nikaandika barua kwa kila mwenye nyumba, watu ambao wengi wao ilibidi wamtafute Marko awasomee. Na kila alfajiri nilisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, Batuli akitoka na debe.

"Baba Asumini, mpelekee jogoo," aliniambia.

"Mwenyekiti wa mji akimbize kuku mtaroni?"

"Unaona haya kukimbiza kuku. Mimi kukimbilia kisima huoni haya?"

Nikagomba. Nilimwambia haelewi mambo ya serikali. Batuli alijitwika debe lake akaondoka, na nusu ya maneno yangu niliyasema mlango umeshafungwa.

Siku ya kumi na tatu nilishindwa, nikanunua jogoo mwekundu mwenye afya. Nikampa Marko ampeleke. Haikupita saa moja, Marko akarudi na jogoo kwapani.

"Amesema jogoo wa utani haletwi na askari."

Hata kipofu angeliona la kufanya. Nyumba ya Bi Tatu haikufika hatua mia kutoka kwangu. Nilipaswa kumtwaa yule jogoo na kutoka mbio hivyo hivyo, bila koti, nikipiga kelele za kuomba radhi mpaka watoto wanicheke. Badala yake nikakaa nikamwandikia Bi Tatu barua. Mpaka leo nikiikumbuka barua ile naona haya. Nilianza kwa "Kwa heshima na taadhima."

Siku ya kumi na tano, nilipokuwa ofisini, nikaambiwa Batuli yuko mtaroni peke yake. Nilimkuta anachimba, khanga kaikaza kiunoni, hakuniangalia. Nikavua koti, nikashuka. Tulichimba wawili mpaka adhuhuri. Alasiri wakaja watu kumi na mmoja, kwa kumhurumia yeye, si mimi. Bi Tatu hakuja. Ilipofika saa sita ya siku ya kumi na sita, viganja vyangu vimechubuka vyote, lori likatokea na mabomba yakigongana nyuma. Zilikuwa zimebaki hatua arobaini.

Nilimwomba Bwana Maji siku mbili tu. Hakuwa mtu mbaya. Aliutazama mtaro, akautazama mkono wangu.

"Ipuli wamemaliza tangu Jumatatu, Mwenyekiti," alisema. "Nitawaambia nini?"

Lori likarudi nyuma, likageuka.

Mwezi uliofuata nilikwenda Ipuli kufungua bomba lao, maana kufungua ni kazi ya mwenyekiti. Nilihutubia wenyeji na wakubwa wa wilaya habari za maendeleo na umoja, wakanipigia makofi. Walikuwa wametengeneza na uzio wa miti. Wenyeji walichota kwanza, kisha wakaruhusiwa wageni, na wageni walikuwa ni sisi. Mstari wa Mapagazi ulifika mpaka barabarani. Bomba lile lilikuwa karibu kuliko kisima, na kwa hilo tu walishukuru. Batuli alichota, akajitwika.

Nyuma yake alikuwa Bi Tatu. Nilikuwa nimejiweka tayari. Aniite mtumwa, anivue kofia mbele ya wakubwa wote wale, animwagie debe zima kichwani. Ningecheka mpaka machozi yanitoke, na ningelipa majogoo kumi. Alitua debe lake chini ya bomba. Akavuta khanga kichwani, akapinda magoti kidogo, kama watu walivyokuwa wakifanya mbele ya liwali.

"Shikamoo, Mwenyekiti," alisema.

Mimi na yeye ni rika moja. Mstari mzima ulingoja nitasema nini. Nikamwitikia marahaba, nikamfungulia maji.