Namelok, mkalimani aliyewafundisha wageni kungoja jibu

Saa tatu kasoro asubuhi, Namelok Seuri anaingia kwenye darasa moja la Kidete, wilayani Kilosa. Shule imefungwa, na madawati yamepangwa kwa ajili ya mkutano. Anamwendea mzee Telele, aliyekaa na wafugaji wenzake wa Kimaasai, anainamisha kichwa, mzee anamgusa utosini. Kisha anawageukia wakulima waliokaa upande wa madirisha.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba mama, karibu."

Baada ya hapo, mwanamke huyu aliyetoka kuinama anavuta kiti na kuketi meza kuu.

Mtaalamu wa mradi wa kupanga matumizi ya ardhi anawasha projekta, anaanza kukumbusha ya jana kwa kasi ya treni iliyokatika breki. Namelok ananyanyua mkono.

"Baba, umeshasahau? Sentensi moja, unapumua, nami nasema. Ukimwaga zote kwa mkupuo, wazee nitawapa makombo."

Watu wanacheka. Mtaalamu naye anacheka, anaanza upya, polepole.

Namelok ana miaka arobaini na mmoja, na kazi yake ya kila siku ni kuuza maziwa. Siku njema huuza lita ishirini, kila lita shilingi elfu moja na mia mbili. Kiswahili hakukipata darasani. Alikiokota Mikumi, kandokando ya barabara kuu, akiwauzia maziwa madereva wa malori.

"Dereva hakusubiri utafute neno," anasema. "Ukizubaa, lori limeondoka na hela yako."

Ukalimani aliuanza kwa uchungu. Miaka mitatu iliyopita mradi huohuo uliitisha mkutano katika darasa hilihili kuhusu njia ya ng'ombe iendayo Mto Mkondoa. Wataalamu walikuja asubuhi, wakaonyesha ramani ambayo njia hiyo imegeuzwa mashamba, wakauliza nani ana pingamizi. Aliyetafsiri ni dereva wao, mwenye Kimaasai cha kuokoteza mnadani. Wazee wakakaa kimya.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa wazee wale, jambo zito halijibiwi siku linapoletwa. Unamsikiliza mgeni, unakwenda nyumbani, mnakaa kikao, mnalala nalo, na kesho yake mnamtuma mmoja kujibu. Kuropoka palepale ni kumvunjia mgeni heshima. Wageni hawakulijua hilo, na wala hawakuuliza. Waliandika "hakuna pingamizi", wakaambatanisha karatasi ya mahudhurio yenye alama za vidole vya wazee, wakapanda gari saa nane mchana.

Kesho yake wazee kumi na mmoja walifika wamejifunga shuka safi za lubega, jibu wanalo. Darasani walikuwamo watoto wa la nne wakiimba jedwali la kuzidisha.

"Nilikuwa nawapelekea walimu maziwa," anakumbuka Namelok. "Nikawaona wamesimama barazani, watu wazima na heshima zao, hawana wa kumwambia. Nililia. Tena kwa hasira!"

Mashamba yakalimwa njiani. Ng'ombe mwenye kiu hasomi ramani, kwa hiyo wakapita humohumo kwenye mahindi. Mkulima Bonifas Melkizedek alipoteza ekari mbili, na nusura watu wauane kwa fimbo na mapanga. Lakini ni Bonifas huyohuyo aliyemfuata Namelok nyumbani.

"Mimi sikuomba shamba njiani, nilipewa tu," anasema. "Wenzetu wanakuja na ramani, na gari, na mtu wao wa kuandika. Sisi tunakuja na midomo, na yenyewe hawaisikilizi. Nikamwambia, mama, wewe una lugha zote mbili, tusaidie."

Wakaandika barua moja, wafugaji na wakulima, wakaifuatilia mara tano. Mradi ulipokubali kurudi, Namelok alitoa masharti. Mkutano uwe wa siku mbili, watu walale kwanza. Tafsiri iwe sentensi kwa sentensi. Na muhtasari usomwe kwa sauti kabla mtu hajaweka kidole.

Leo ni siku ya pili. Mzee Telele anasimama, fimbo mkononi, kuleta jibu. Ndiye aliyewahi kuuliza hadharani tangu lini mwanamke akabeba maneno ya wazee. Sasa anasema kipande, anamtazama Namelok, anangoja.

Njia isifungwe, wanasema wazee. Wako tayari ipunguzwe ibaki upana wa hatua arobaini, na wapande ua wa minyaa pande zote mbili wakisaidiana na wakulima. Wakulima nao wamelala nalo. Bonifas anasimama na kusema wanakubali, miche wataleta wao. Muhtasari unasomwa, njia inarudishwa kwenye ramani, na mzee Telele anakuwa wa kwanza kuweka kidole.

Mwandishi wa makala haya amekaa kwenye mikutano mingi ya wadau, yenye soda na kofia za bure. Hadi leo alikuwa hajawahi kuona mwenye gari akimngoja mwenye miguu. Kidete wanayo haki ya kujivuna.

Mwezi ujao kijiji kitachagua kamati ya ardhi, na pande zote mbili zimempendekeza Namelok. Jambo la kupeleka tayari analo. Ramani ina mashamba na ina njia ya ng'ombe, lakini pale mtoni wanapochota maji wanawake hapajachorwa.

"Miaka yote nimebeba maneno ya wengine," anasema. "Siku hiyo nitasema langu, tena kwa Kimaasai, lugha ya mama yangu. Mkalimani watafute wao."