Kadi Nyekundu Yetu Ilikuwa Mama

"Wako kumi! Wako kumi!" Juzi kelele hiyo ilitoka kwenye banda la video hapo jirani ikanikuta nageuza usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, juani. Nikajua kuna mtu kala kadi nyekundu. Mara mjukuu wangu Eriki huyo, mbio, na ile sauti yake inayovunjika kama ya jogoo anayejifunza kuwika: "Bibi, tumeshashinda! Sisi kumi na mmoja, wao kumi!" Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka. Nikamwambia, haya, nenda kaangalie mpaka mwisho.

Maana harufu ya usipa ikikutana na hilo neno kumi, mimi narudi mtoto. Na mtoto mwenyewe alikuwa mbaya, msinihurumie kwa sababu ya mvi.

Hapa hapa Lituhi tulikuwa na uwanja wa mchanga, watoto wa ziwani wanacheza na watoto wa mlimani, wale Wamatengo ambao wazazi wao waliteremka kulima mihogo huku. Mimi, Fotu, shule sikupelekwa. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kunguru kwenye usipa, pembeni ya uwanja. Refa hakuna. Sheria ilikuwa moja: mama yako akikuita unakwenda, na ukishakwenda hurudi, wala haingii mtu badala yako. Kadi nyekundu yetu ilikuwa mama. "Damiani! Maji yako wapi, we mtoto?" Basi, kaka yangu huyo katoka, mdomo kauvuta kama mbuzi kaonja chumvi.

Wote waliitwa, isipokuwa Yustini wa mlimani. Yule alibaki mpaka mwisho, na alitufunga anavyotaka, kwa sababu hakuwa na wa kumwita. Mama yake alipelekwa hospitali kwa boti, kifua kimembana, na huo ulikuwa mwezi wa pili hajarudi. Kila mpira ukitoka nje Yustini anatupa jicho ziwani, boti imerudi? Haijarudi. Anageuka anatufunga tena. Damiani akawa anasemea puani: "Huyu atatufunga mpaka mama yake apone."

Na mimi, jamani, sauti ya mama yake nilikuwa nayo. Mama Yustini alitoka Namswea, huko watu wanaitana toka mlima huu mpaka ule, korongo katikati. Sauti inapanda, inakaa huko juu, halafu inateremshwa polepole. Hapa ziwani hakuna aliyeita hivyo. Na mama huyo alimwita mwanawe Baba, kwa kuwa alimpa jina la baba yake mzazi. "Baba weeee! Baaaba!" Nilikuwa naigiza kisimani, wanawake wanashika mbavu, na mwenyewe, kabla hajaugua, akiwemo anacheka.

Siku hiyo nilimwambia Damiani, "Leo nitamwita mimi." Nikajificha nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, nikavuta pumzi, nikaita.

Yustini alikuwa na mpira mguuni. Aliuacha. Akakimbia kwenda mwaloni, wanakoshukia watu wa boti, anakimbia huku anacheka, mikono ameitanua kabisa.

"Wako kumi!" kaka yangu akapiga kelele. Mnadhani tuliwafunga? Wale kumi walijazana golini kwao kama kuku wameona mwewe, wanakimbia mpaka wanatapika. Wetu sasa! Kila mmoja anajua kuna mwenzake wa ziada, basi huyo wa ziada ndiye akimbie. Damiani kashika kiuno kama mwenyekiti wa kijiji: "Chukua wewe!" Mwingine naye: "Aa, chukua wewe!" Golikipa wetu alikuwa amekaa chini anatoa mchanga kwenye vidole. Wakabutua mpira mmoja mrefu, ukampita amekaa. Moja bila, na jua likazama.

Yustini alirudi kaptula imelowa mpaka kiunoni. Alikuwa ameingia majini ili aone mbali zaidi. Watoto wote wakaniangalia mimi, na mimi nikiangaliwa sijui kunyamaza. Nikaita tena, mbele ya uso wake. "Baba weeee!" Walicheka mpaka wa mlimani wenzake. Hakunipiga. Alikamua kaptula yake akaondoka, na wiki nzima kila alipopita njiani mtu anamwita hivyo.

Boti ilikuja siku ya mpira mwingine. Walimshusha Mama Yustini kwenye machela, amebaki mifupa. Kule mwaloni aliona watoto wanacheza, akaomba waliombeba wasimame kidogo. Akaita. "Baba weee."

Yustini hakugeuka hata shingo. "Fotu, acha ujinga wako!" Akapiga chenga, akaendelea. Akaitwa mara ya pili, sauti haikupanda, ilikatikia njiani. Wenzake wakacheka, mmoja akasema, "Leo Fotu kaishiwa." Hapo ndipo Yustini aliponitazama. Mimi nilikuwa nimesimama na usipa wangu, mdomo umejaa muhogo, shavu huku na huku. Mtu aliyejaza muhogo haiti.

Alikimbia. Safari hii hakucheka. Alimkuta macho yako wazi, lakini sauti ilikuwa imekwisha. Zile sauti mbili alizoita ndizo zilikuwa za mwisho. Alimaliza siku tatu anamtazama tu mwanawe, na siku ya nne tukazika.

Wakati ule nilidhani kosa langu lilikuwa kufungwa moja bila. Kweli, nilimchapa Damiani kwa fimbo ya kunguru, nikimlaumu kwa uvivu.

Mwaka juzi Yustini aliteremka kununua usipa. Mzee, fimbo mkononi, kahawa yake ya huko juu kaniletea kwenye mfuko. Tukacheka, nikamwigizia katekista, nikamwigizia marehemu mume wangu anavyokoroma. Halafu akasema, "Fotu, mimi sauti ya mama imenitoka. Ile ya kwake na ile ya kwako zimechanganyikana, sasa zote zimepotea. Wewe bado unaweza?"

Nilimwambia nimesahau.

Sijasahau. Nikiwa peke yangu naiita, inapanda, inakaa juu, inateremka vizuri kabisa. Lakini ningeiita pale angeniona tena nyuma ya mtumbwi, au angenipigia magoti niite tena, na vyote viwili niliviogopa. Akafunga usipa wake, akapanda pikipiki. Mama yake anaye nani? Ninaye mimi, hapa kooni. Mpaka leo nimemzidi mtu mmoja, kama tulivyowazidi siku ile.

Eriki naye alirudi jioni ile ya juzi amenuna. Wale kumi walikuwa wamewafunga.