Shada la Gauni ya Kijani

Mimi ni fundi wa mapazia, na nasema bila aibu kwamba upande huu wa Nairobi sijaona anayenishinda. Shule niliacha darasa la sita. Nilianza na cherehani ya kukodi kwenye veranda pale Adams Arcade, nikibadilisha zipu za watu, na leo kuna nyumba za matajiri mtaani Karen ambazo huwezi kufungua dirisha bila kushika kazi ya mikono yangu. Nyumba ninayoishi mtaa wa Satellite nimeijenga mwenyewe. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba aliyeharibu ile gauni hakuwa mtu asiyejua kitambaa.

Mambo ya shada yaliletwa nyumbani na mke wangu. Kabla hatujapata mtoto alikuwa akifanya kazi ya nyumba huko Karen, akaona watu wakitundika duara la majani mlangoni Krismasi ikikaribia. Majani yenyewe hakuwa nayo. Alichukua henga ya waya ya kutundikia nguo, akaikunja ikawa mviringo, akaokota vipande vya kitambaa chini ya meza yangu ya kukatia, akavifunga fundo baada ya fundo mpaka waya ukapotea. Mwaka ule wa kwanza jirani alibisha hodi akauliza kwa sauti ya chini ni nani ametuacha, maana kwetu shada ni la kaburini. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwambie hakuna aliyekufa," akaniambia. "Mwambie kuna mtu amezaliwa."

Baada ya hapo alitengeneza jipya kila Desemba. Mimi sikuwahi kumsaidia hata fundo moja. Nilikuwa na kazi.

Alikufa Agosti. Siku aliyozidiwa nilikuwa juu ya ngazi kwenye sebule ya tajiri mmoja, simu nimeiacha ndani ya koti, koti kwenye gari. Alinipigia, akanipigia tena. Niliposhuka na kupiga, simu yake ilishikwa na binti yetu, na binti yetu alikuwa ameshamaliza kulia. Tangu mazishi hakukanyaga kwangu. Anapanga chumba karibu na mjini, simu zangu hashiki. Akitaka kunijibu ananiandikia maneno matatu manne, basi.

Sasa, kwetu magharibi nguo za marehemu hazichezewi. Zinafungwa pamoja ndani ya shuka, zinakaa hivyo mpaka dada zake waje kuzigawa. Mkubwa wao huchagua kwanza, kisha wadogo, kisha watoto. Kabla ya siku hiyo hazivaliwi, hazifuliwi, hazikatwi. Hakuna aliyenifundisha haya ukubwani, nilikua nayo. Dada mkubwa wa mke wangu alisema atasafiri aje Jumamosi, siku chache kabla ya Krismasi. Binti yangu akaniandikia: "Nitakuja. Kulala bado sijui."

Hayo maneno, bado sijui, nilitembea nayo wiki nzima. Nilitaka alale. Nilitaka abaki mpaka Krismasi ipite, tukae meza moja kama watu, na nipate nafasi ya kumweleza kuhusu ile simu.

Nikaamua nitatengeneza shada mwenyewe, alione mlangoni kabla hajaniona mimi. Nilitafuta vipande karakana yote. Lakini watu wa Karen siku hizi wanataka rangi ya jivu tu, jivu na maziwa. Nilifunga kama thelathini hivi, nikatazama, kilikuwa kitu cha kufungia jeraha. Nikarudi nyumbani, nikaenda kwenye lile furushi la nguo zake.

Nilijua ninachotafuta. Ilikuwa gauni ya kitenge, ya kijani yenye michoro ya mbegu nyekundu, nguo yake ya kanisa. Nilimshonea mimi. Nikajiambia kuna nguo nyingi humo, moja haitaonekana, na isitoshe, hii ni kazi ya mkono wangu, nani wa kunizuia? Niliitandaza mezani na kuikata mara moja, kuanzia pindo la chini hadi shingoni, vipande vyote vya upana mmoja. Sikuhitaji chaki. Jicho langu halikosei kwenye kazi. Nilifunga mafundo mpaka vidole vikauma, na nilipomaliza lilikuwa shada zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza yeye. Nalisema hilo hata leo.

Jumamosi walifika pamoja, binti yangu na mama yake mkubwa. Binti ndiye alikuwa amekwenda kumpokea stendi. Nilikaa ndani nikiwasikiliza.

"Ngoja kwanza, mama mkubwa," binti yangu alisema, akasimama pale mlangoni. Kisha akaniita. "Baba, hii umenunua wapi?"

"Ninunue? Mimi? Nimefunga na hivi vidole."

"Wacha."

"Uliza vidole."

Aliligusa. Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu Agosti, akasema nimekaza mafundo kama mtu anayefunga mzigo kwenye basi. Hata hivyo aliingia na begi lake, na nilipoliona ni begi kubwa, la kulala, nilienda jikoni kuweka chai ili wasione uso wangu.

Shemeji hakutaka chai kabla ya kazi. Alikaa chini kwenye mkeka, akaomba dua, akafungua furushi. Aliinua nguo moja moja, akaikunjua, akaitazama, akaiweka kando. Alipofika chini alirudia tena tangu juu, polepole zaidi.

"Shemeji, ile ya kijani haiko."

Nikatazama mlangoni.

"Ile ya kanisa. Aliniambia akiwa bado kitandani kwamba hiyo ni yangu. Ndiyo nilikuja kuchukua."

Binti yangu aliona nilikotazama. Alisimama, akaenda mlangoni, akarudi nalo limelala kwenye viganja viwili, akaliweka kwenye mkeka mbele ya mama yake mkubwa.

Nikasema upesi, "Shemeji, hicho ni kitambaa tu. Kitenge kama hicho nakijua duka lake. Jumatatu nakushonea ingine, nzuri kushinda hiyo."

"Mpya nitafanyia nini?" alisema. Hakupandisha sauti. "Hiyo mpya yeye hakuivaa."

Alishika fundo moja akajaribu kulifungua kwa kucha. Lilikataa. Akajaribu la pili. Nilikuwa nimekaza vizuri sana. Akaliacha shada juu ya zile nguo, akazirudisha zote ndani ya shuka, akafunga. Alisema haiwezekani kugawa mali iliyopunguzwa. Atakwenda nalo furushi nyumbani kwao, wadogo zake walione, waamue wao.

"Hata chai?" nikauliza.

"Chai utakunywa, shemeji."

Binti yangu alilibeba furushi kichwani na lile begi lake begani. Niliwafuata hadi kwenye geti.

"Ungeniuliza kwanza, Baba."

"Ningekuuliza vipi? Simu zangu hushiki."

Aliliweka begi sawa begani. "Na wewe za Mama hukushika," alisema.

Yale niliyokuwa nimeyapanga wiki nzima, ngazi, koti, gari, yote yalinijia mdomoni, na nikaona hayana maana mbele ya furushi lile. Wakaenda. Krismasi binti yangu aliila huko kwa kina mama zake. Mimi nilikwenda kanisani, nikakaa mahali petu, nikarudi, nikala mkate.

Februari aliniandikia kwamba nguo zimegawiwa. Yeye amepata kitambaa cha kichwa na viatu. Mama mkubwa amechukua shada jinsi lilivyo, halijafunguka mpaka leo. Nikamwandikia asante kwa kunijulisha. Kulikuwa na sweta ya rangi ya kahawia aliyoivaa mama yake asubuhi akiwasha jiko, imechakaa kwenye viwiko. Sikuuliza ni nani aliyepewa. Mume huwa hagawiwi, na hata kama kungekuwa na fungu langu, nilishalikata.