Mavi ya Nguruwe Juu ya Nyumba za Wasaksoni

Avis Mallows alifanya kazi kwenye mabanda ya nguruwe ya kaka yake kwa miaka ishirini na mitatu, na hakuna harufu iliyowahi kumkosesha chakula cha mchana. Alikuwa akikalia ndoo iliyopinduliwa, buti zimejaa tope, anatafuna mkate wake wa jibini na vitunguu vya siki huku nguruwe wakigombana nyuma yake. Watu wa kijiji chao, Brackenham, walimtania kwamba pua yake ilikuwa pambo tu.

Kaka yake, Clement, alipoleta mitambo ya kulishia nguruwe, alimwambia akapumzike. Avis hakujua kupumzika. Kwa hiyo wanaakiolojia walipofika kuchimba shamba la chini, lile ambalo Clement alitaka kuliuza lijengwe nyumba na sheria ilitaka lichunguzwe kwanza, Avis alikwenda kuomba kazi. Ingrid Peachey, msimamizi wao, alimpa mwiko wa kuchimbia na kipande cha sponji cha kupigia magoti.

Mwezi haukuisha, Avis akawapita wenye shahada. Aliujua udongo kwa vidole. Yeye ndiye aliyeona doa jeusi lenye pembe nne kwenye mchanga wa manjano, na shimo la nguzo kila upande: nyumba ya kale iliyochimbiwa chini. Ndani yake wakatoa vigae vya vyungu vilivyofinyangwa kwa mkono, kitana cha mfupa kilichobakiza meno sita, na pete nene za udongo mfano wa maandazi yenye tundu.

"Hizi zilikuwa zikining'inizwa kwenye nyuzi za mfumaji ili zikazike," Ingrid alimweleza. "Wasaksoni, Avis, wakulima wa kale wa nchi hii hii. Miaka elfu moja na mia nne iliyopita."

"Kumbe hapa palikuwa na mwanamke kazini," Avis alisema, akainama tena.

Walipata nyumba nne. Ya nne ilikuwa imeungua, na pete za udongo zilikuwa zimeanguka sakafuni kwa mstari, vilevile zilivyokuwa zikining'inia siku ya moto. Ingrid akaomba wiki tatu zaidi. Clement akachemka, maana mjenzi alikataa kushusha hata tofali kabla uchimbaji haujaisha.

Jumatatu asubuhi Avis alifika na chupa yake ya chai akakuta mashimo yote manne yamejaa hadi ukingoni. Yalikuwa mavi ya nguruwe, yale mepesi yanayonyonywa chini ya mabanda kwa tangi la trekta, ya kijani na meusi, yakitoa mapovu. Nywele za nguruwe zilielea juu. Clement alisimama kando, mikono mfukoni.

"Mpira wa tangi umepasuka, dada yangu. Bahati mbaya tu."

Avis alitazama alama za trekta. Liliingia langoni, likasimama kwenye shimo la kwanza, likasogea, likasimama la pili, hivyohivyo hadi la nne. Katikati ya mashimo hapakuwa na hata tone. Na koki ya tangi lile haifunguki ila kwa mkono. Avis aliifungua mwenyewe kwa miaka ishirini na mitatu.

Aligeukia uzio akatapika chai yote.

"He! Pua imeanza kazi uzeeni?" Clement alicheka.

"Mavi nayajua, Clem. Kinachonitapisha ni wewe."

"Punguza maneno. Vishimo tu hivyo. Watu wamekufa zamani, hata majina hawana."

"Umewanyea ndani ya nyumba yao."

"Mimi ndiye niliyekulisha, Avis!"

"Ulinilisha? Nilizoa uchafu wako ukaniita mfanyakazi. Leo sizoi kwa ajili yako."

Afisa wa halmashauri alipofika, Avis alimwonyesha alama za magurudumu moja baada ya nyingine, kisha akamwonyesha koki. Aliyasema yote kaka yake akiwa palepale.

Walizoa kwa siku nne. Mavi yaliingia ndani ya glavu, yakaganda kwenye nyusi. Vijana wawili waliacha kazi. Siku ya tano Avis aligusa kitu cha duara chini ya ute. Pete za udongo zilikuwepo, kumi na moja, mstari haujavunjika. Alizisafisha kwa brashi ya meno.

Lakini majivu ya sakafuni, ambayo yangepimwa ijulikane waliokaa mle walikula nini, yalikuwa yameshachanganyika na chakula cha nguruwe wa juzi. Ingrid alimwaga sampuli zote. Avis alitamani apigwe kofi kuliko kuliona hilo.

Mahakama ilimtoza Clement faini. Mwaka uliofuata nyumba zilijengwa. Watu wanaishi humo na maua yao dirishani.

Krismasi, mke wa Clement alimpelekea Avis paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Avis alilibeba akalirudisha mwenyewe hadi mlangoni kwao. Clement ndiye aliyefungua.

"Nyama nzuri hiyo," alisema. "Unaionea kinyaa gani?"

"Nyama haina kosa," Avis alijibu, akaliweka kizingitini na kuondoka.

Januari alikuwa na Ingrid kwenye uchimbaji mwingine, bonde la pili, amepiga magoti kwenye barafu, akikwangua doa jingine.