Mama Alivyonitafutia Tuisheni ya Hesabu

Wenzangu tuliokulia Ufukoni, Mtwara, miaka ile, sare zetu zikiwa na madoa ya mabibo ya korosho yasiyosikia sabuni ya aina yoyote, mnajua tulivyoishi. Tulicheza mpira wa rede mpaka adhana ya magharibi, tukala viazi-pori vya ming'oko vya moto huku tukipuliza vidole, na kesho yake tukachapwa shuleni kwa kutojua hesabu. Mimi nilichapwa kuliko wengi.

Nilipoingia darasa la saba, baba, mpakia mizigo wa bandarini, akatoa hukumu: nikifeli nitapelekwa kijijini Kilambo kwa Mjomba Saidi, kaka yake mama, nikapalilie mikorosho mpaka nipate mchumba. Mama hakuipenda hukumu hiyo. Akasema atanitafutia tuisheni, na ataichagua mwenyewe kama anavyochagua samaki, kwa kumfunua mashavu kwanza.

Tukaanza kwa Mwalimu Chilumba, aliyefundisha kwenye banda la makuti jirani na kisima. Pale hesabu ziliimbwa. Mwalimu akipiga fimbo mezani, watoto wote wanapaza sauti, saba mara nane hamsini na sita, mpaka kuku wanakimbia. Mama alikaa benchi la nyuma, na haukupita muda naye akawa anaitikia, tena kwa sauti kubwa kuliko sisi. Njiani alisifu sana. Alisema hiyo ndiyo elimu, inasikika mpaka barabarani, na mtoto akitoroka mzazi atajua kwa sauti kupungua.

Kwa kutenda haki tu, tukaenda na kwa Mwalimu Mushi, mtumishi wa serikali kutoka Kilimanjaro aliyefundisha jioni kibarazani kwake. Kulikuwa kimya hata mama akadhani kuna msiba. Mwalimu aliuliza swali, mtoto akajibu, naye badala ya kusema sawa au si sawa akauliza tu, "Umefikaje hapo?" Mama akaninong'oneza kwamba huyu mwalimu hajui majibu, anayaokota kwa watoto.

Zamu yangu ikafika. Mwalimu akaniuliza kipi kikubwa, robo au theluthi. Nikasema robo, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Wenzangu wakaangua kicheko. Mama hakuvumilia kuona mwanawe anachekwa.

"Mtoto kasema kweli, mwalimu," alisema. "Hata mimi msimu huu nimechagua robo."

Mwalimu Mushi hakucheka. Alimwuliza kwa adabu, robo ya nini. Mama akaeleza bila wasiwasi kwamba aliokota korosho kwenye shamba la kaka yake kule Kilambo, na wakati wa kugawana kaka akamwambia achague mwenyewe, theluthi au robo. Akaiwahi robo kabla kaka hajabadili mawazo.

Mwalimu akaingia ndani, akatoka na mihogo miwili inayolingana. Mmoja akaukata vipande vitatu, mwingine vinne, akavipanga mezani.

"Mama, chagua tena."

Mama aliviangalia vile vipande kwa muda mrefu. Mwishowe akasema polepole, "Kaka Saidi siku ile alikohoa sana. Kumbe hakikuwa kikohozi."

Jumamosi tulikuwa Kilambo. Mama alisalimia, akala, akaulizia hali ya mifugo, ndipo akasema kwa upole, "Kaka, ile robo yangu, ulifikaje hapo?" Mjomba akaanza kukohoa. Tulirudi Mtwara na korosho za kutimiza theluthi, na njia nzima mama alitabasamu.

Mwalimu Mushi akapata wanafunzi wawili kwa mpigo. Mama alikaa benchi moja na mimi kila jioni, akibishana na hesabu za sehemu hata watoto wakaomba apewe darasa lake. Nilifaulu. Mikorosho ya mjomba ikapaliliwa na mwingine.

Juzi nimemtafutia mwanangu tuisheni hapa mjini. Jengo lina mlango wa kioo na kiyoyozi. Nilipoomba kukaa nyuma nisikilize, kijana wa mapokezi akaniambia kwa heshima kwamba wazazi husubiri nje, masomo hutumwa kwenye simu. Jioni nikamwuliza mwanangu amejifunza nini. Bila kuinua macho akajibu, "Ipo kwenye video, mama." Watoto wa siku hizi hata ujinga wao umehifadhiwa mahali.

Nikaifungua hiyo video jikoni, nikimenya vitunguu. Yule mwalimu wa kwenye simu anaeleza vizuri kuliko walimu wetu wote, sibishi. Aliuliza swali, nikajibu kwa sauti, nikakosea. Naye akaendelea na somo. Hakuna aliyenicheka, wala aliyeniuliza nimefikaje hapo.