Nimeficha Daftari la Calculus la Binti Yangu

"Mtoto wa Advance anayeshindwa calculus ni mvivu, na mzazi wake hajali." Mchangiaji mmoja aliandika hivyo kwenye ukurasa huu wiki iliyopita, nanyi mkamshangilia. Ni uongo. Shule anayosoma binti yangu haijawahi kuwa na mwalimu wa hesabu za kidato cha tano na sita tangu alipoingia. Mwalimu wa fizikia huwagawia vitini na kuwaambia wajitahidi. Huo uvivu uko wapi? Na kuhusu mzazi asiyejali, soma mpaka mwisho. Mimi nilijali, na nilichofanya ni kibaya kuliko kutojali.

Jina langu lifichwe. Nina miaka hamsini na mbili, ni mkulima, Mkurya wa wilaya ya Serengeti, kwenye kijiji kinachopakana na hifadhi. Nasoma kila kitu kinachonifikia mkononi, na mkutano wa kijiji hauishi mpaka nimebishana na mtu. Lakini hesabu zilinishinda tangu kidato cha pili. Binti yangu, tumwite Bhoke, yuko kidato cha sita, anakwenda shule na kurudi nyumbani, na anataka kuwa mhandisi.

Mwaka jana alikuja kwangu kijana mmoja, askari wa wanyamapori, kuandika habari za tembo waliokula mahindi yangu. Nilimtukana yeye, wakubwa wake na tembo wake. Alisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akaona daftari la Bhoke mezani, akalisoma akiwa amesimama, akasema swali la tatu limeharibika kwenye mstari wa pili. Kumbe ana shahada ya hesabu. Ni mtu wa Singida, alisubiri ajira ya ualimu miaka mingi, mwishowe akashika bunduki.

Tangu hapo akawa anakuja jioni akiwa hana zamu. Walikaa barazani, mke wangu akipepeta ulezi karibu nao ili watu wasiseme. Bado walisema. Jirani aliniuliza huyo fundi wa hesabu ameshatoa ng'ombe wangapi. Tulicheka, maana Bhoke alikuwa anabadilika. Siku moja alinieleza integration ni nini: "Baba, ni kama kulikata shamba vipande vyembamba kabisa, halafu unavijumlisha mpaka upate shamba zima." Nilielewa, kwa mara ya kwanza maishani.

Kijana yule hakuwahi kusema anakwenda wapi. Kazi yao hairuhusu. Lakini kikosi chake, ndicho kinacholinda upande wetu, kilipotoka kwenda doria ya mbali, alimwachia Bhoke maswali matano kwa kila siku ambayo hatakuwepo, na tarehe juu ya ukurasa. Maswali kumi, siku mbili. Ishirini na tano, siku tano. Mimi nisiyejua kufanya hata swali moja kati ya hayo, kuhesabu mpaka ishirini na tano nilijua.

Nina mdogo wangu, tumbo moja, anayewinda hifadhini. Mara ya kwanza nilimwambia siku hizo za doria kama mzaha tukiwa tunakula. Nikajipa hoja kwamba tembo wao wanakula mahindi yangu na hakuna anayenilipa, basi na sisi tule swala wao. Nimeshinda mikutano kwa hoja mbovu kuliko hiyo. Ikawa mazoea. Mdogo wangu akipita huuliza, "Kaka, mtoto amepewa mangapi?" Nami natamka idadi.

Mwezi uliopita nilimwambia kumi na tano. Safari hiyo askari wawili walikuwa wamebaki. Wakakutana na mdogo wangu na wenzake, na askari mmoja akapigwa mshale wa sumu. Amekatwa mguu. Waliompiga hawajakamatwa. Wakubwa wakaangalia kumbukumbu zao, wakaona wawindaji huingia kila kikosi kinapotoka, na askari mwenye mazoea na nyumba ya kijijini ni mmoja tu. Mwalimu wa binti yangu yuko mahabusu, anatuhumiwa kuuza siri.

Bhoke hakulia. Alisema, "Baba, twende kituoni na daftari langu. Lina tarehe zote. Wataona alikuwa anakuja kunifundisha tu."

Daftari hilo ndilo litakalowaonyesha siri ilipita nyumba gani. Asubuhi alipokwenda mtoni kuchota maji, nililichukua nikalifukia kwenye kihenge cha ulezi.

Wiki ya tatu sasa analitafuta. Amegeuza magodoro yote. Kila kosa alilosahihishiwa limo mle, na mtihani umebaki wiki tano. Juzi nilimsikia akimwambia mama yake kwamba labda amekuwa mzembe. Mdogo wangu naye amekuja. Alisema, "Lichome. Yule si mtu wa kwetu, atapata kazi kwingine. Mimi utanipata wapi?" Nikamuuliza kuhusu yule wa mguu. Akachukua kofia yake akaondoka.

Najua mtagawanyika. Nusu mtaniita msaliti wa ndugu, nusu mtaniita mhalifu. Niiteni. Kituoni nitakwenda, hilo sijaleta hapa mlijadili. Ninalouliza ni lini. Nikienda leo, Bhoke ataingia kwenye mtihani akijua baba yake ni nani, na hana wa kumfundisha. Nikisubiri amalize, mtu asiye na kosa atalala mahabusu wiki zote hizo kwa ajili yangu.

Na wewe mwalimu wa hesabu za Advance uliye Tarime au Mugumu, unayesoma visa hapa kisha unapita, nakutaka wewe. Kati ya yale kumi na tano ya mwisho, Bhoke alikuwa amefanya tisa. Sita yaliyobaki nimeyanakili kwa mkono wangu, alama kwa alama, bila kuelewa hata moja, maana daftari lenyewe nitakwenda nalo. Andika hapa chini siku utakayofika nyumbani kwangu, msimamizi wa ukurasa atakuelekeza. Siku hiyo hiyo mimi nitakuwa kituoni.