Tafuta Vizuri, Shemeji

Karakana nzima ilimwita Kiberiti, naye hakulikataa jina. Mtu aliyeanza sentensi kwa "nadhani" mbele yake alijuta kabla hajaimaliza. Ndiye aliyeandika programu za vitanda vya joto vya watoto njiti. Waya na vyuma vilikuwa kazi ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, mtu mpole hadi anaudhi, ambaye alipima kila kiungo cha waya mara mbili kisha akakipuliza kama chai ya moto.

Asubuhi ile hospitali ilirudisha kitanda. Kilikuwa kimejizima na kujiwasha chenyewe mtoto akiwa ndani, na kama si muuguzi kumnyakua na kumweka kifuani kwa mama yake, yangesemwa mengine. Kwenye kioo ulibaki ujumbe mmoja: kipima joto hakijibu, na namba ya kosa mwishoni.

"Ni waya hizo," Kiberiti alisema, hata hajaketi.

"Tuangalie kwanza," alisema shemeji yake. "Nipeni mpaka kesho nipime kiungo kimoja kimoja. Na wewe angalia upande wako, shemeji."

Upande wake! Damu ilimchemka. Alifungua kompyuta mbele ya bosi, akanakili ujumbe ule kama ulivyokuwa, neno kwa neno na namba yake, akaiamuru kompyuta iutafute katika msimbo wote wa kiini cha mfumo, ile programu ya chini kabisa inayoongoza mashine nzima. Humo mna mafaili maelfu kwa maelfu, kazi ya watu wa dunia nzima wasiojuana, pamoja na kidogo alichoongeza yeye. Kompyuta ilihangaika, kisha ikajibu kwamba hakuna kitu.

"Umeona? Hayamo! Maneno hayo yanatoka kwenye kifaa chako."

"Waya haisemi maneno," shemeji yake alijibu. "Tafuta vizuri, shemeji."

Bosi alikuwa ameahidi kuipa hospitali jibu kabla ya mchana, na jibu alikuwa ameshalipata. Alimwambia fundi wa waya akusanye vifaa vyake. Unga ukamwagika hivyo hivyo, mbele ya watu, na mtu yule hata sauti hakupandisha. Hilo nalo lilimuudhi Kiberiti. Angetukana basi, wakamalizana!

Tafuta vizuri. Maneno hayo yalimkaa kooni mchana kutwa. Nani wa kumfundisha yeye kutafuta? Mwishowe alirudi kwenye kibodi ili atafute upya, achapishe majibu na kuyabandika kwenye meza ya shemeji yake, sasa tupu. Safari hii, kwa uvivu wa hasira tu, hakuandika ujumbe wote. Aliandika maneno ya mwanzo, namba akaiacha.

Kioo kikajaa.

Alielewa papo hapo, na masikio yakamwaka moto. Ndani ya msimbo namba haipo. Pameachwa alama tu, na mashine huijaza namba yenyewe wakati kosa linapotokea. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Yeye pia alilijua, ila hakuwa na muda wa kulikumbuka.

Akashuka na orodha, faili moja baada ya jingine: kipima joto cha magari, cha majokofu, cha mitambo asiyoijua. Karibu na mwisho akakuta faili lake mwenyewe. Juu ya mstari ule kulikuwa na maelezo aliyoyaandika zamani kwa mkono wake: Nimepunguza muda wa kusubiri. Kifaa hiki kinachelewesha watu.

Kipima joto kikiwa baridi huchelewa kidogo kujibu. Programu yake haikukisubiri. Ilikihesabu kimekufa, ikazima kila kitu ianze upya, mtoto akiwa ndani.

Alimwendea bosi na kompyuta mkononi. Bosi alisikiliza, akashusha pumzi.

"Hospitali nimeshawaambia ni waya. Nikawageuzie maneno leo hii? Rekebisha kimya kimya. Yeye atapata kazi kwingine."

"Mtoto angekufa!"

"Hakufa."

Kiberiti aliwahi kukasirika kwa mengi, mengi kati ya hayo ya kijinga. Hasira hii ilikuwa ngeni kwake, kwa kuwa nusu yake aliistahili yeye mwenyewe. Alichukua simu ya mezani mbele ya macho ya bosi, akaomba kuongea na mkuu wa wodi. "Waya hazina shida," alisema. "Kosa ni la programu, na programu nimeandika mimi. Vitanda vyetu vyote msivitumie mpaka niirekebishe." Bosi alikata simu kwa kidole, akamwonyesha mlango.

Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Shemeji yake ndiye aliyefungua, begi la vifaa bado liko miguuni pake, na nyuma yake dada alikuwa amefura, hamwangalii.

"Nimetafuta vizuri," Kiberiti alisema. "Kosa ni langu. Nimeshawaambia hospitali. Shemeji, nisamehe. Sema kitu basi. Sema chochote!"

Shemeji yake alilisukuma begi kando kwa mguu.

"Subiri," alisema, akarudishia mlango.

Kiberiti alibaki kizingitini, mkono umeshainuka kugonga. Akaushusha, akasubiri.